Kivunde, kuanzia juu

Kwenye ramani ya wilaya hakipo.
Bwana Lukindo wa ofisi ya bonde aliitandaza juu ya boneti,
akazigandamiza pembe kwa mawe manne,
akatafuta kwa kidole, akatafuta kwa miwani:
Zigi upo, Mkulumuzi upo, barabara ya Muheza ipo,
hata ghala la mkonge lililobomoka lina nukta yake.
Kivunde hakuna.
"Basi nipeleke," akasema, "nikakiandike."

Tukaanzia kwa Mntambo, maana ndipo mvua inapogawanyika.
Nyumba yake imekalia mgongo wa kilima
kama mtu aliyepanda punda, mguu huku, mguu kule.
Tone likiangukia bati la mbele linakwenda Mkulumuzi;
la bati la nyuma ni letu.
Mkewe ameweka pipa nyuma tu.
"Hayo ya mbele," anasema, "yana wenyewe."

Kutoka hapo usitafute maji. Tafuta dalili:
udongo uliofanya giza chini ya iliki,
magimbi yaliyonenepa pasipo mpaliliaji,
kereng'ende wasio na shughuli nyingine hapo.
Halafu jiwe linatoka jasho.
Ndiyo hiyo chemchemi.
Bwana Lukindo akasubiri kitu kikubwa zaidi.
Hakikuja. Akaandika.

Kinashuka kama mtoto aliyetumwa dukani:
kinajua kiendako, ila kwanza kipite kote.
Kinalizunguka shamba la machungwa la Sechonge kwa kushoto.
Zamani kilipita kulia; mvua za El Nino zilikihamisha usiku mmoja,
na kesi ya mpaka mpaka leo iko barazani,
kila upande umeleta shahidi,
kijito hakijaitwa.
Chini kidogo kinapokea mkono kutoka Kwemtindi,
mkavu miezi minane,
una jina miezi yote kumi na miwili.

Tukafika kwenye kivuko cha magogo.
Kwenye nguzo ya mkwaju shangazi Semeni alikuwa akichanja alama kwa panga
kila maji yanapopanda, asijue kusoma wala kuandika.
Hii, mwaka kuku walipoelea.
Hii, mwaka wa nzige, sijui kwa nini aliuchanja, maji hayakupanda.
Ile ya juu kabisa, inayonipita kichwa,
ni ya usiku ule mkunga alipokesha ng'ambo na taa yake,
anaita, anaitwa,
na maji katikati yanajibu wote wawili.
Tulikuja pacha. Nikabaki mimi.

Bwana Lukindo akanyoosha futi yake, akauliza mwaka.
Nikamtajia mwaka wangu wa kuzaliwa.
"Vizuri sana," akasema, "takwimu kama hizi ni adimu."
Akaandika.

Baada ya hapo ni bondeni, na bondeni kijito hakina mengi ya kusema.
Kinapita nyuma ya korona
(ile ya kusaga mkonge, si ile ya barakoa),
kinatoka kijani, kinanuka siku mbili,
matete yanakichuja, kaa wanarudi.
Kinaingia kwenye kalvati lenye upana wa debe,
kinaguna humo ndani,
kisha Zigi unakimeza pasipo hata kupepesa.
Tulisimama pale. Nilitaka kumwonyesha mahali hasa,
huku Kivunde, huku si Kivunde,
nikaonyesha, mkono ukabaki hewani.

Jioni nikampigia Mwanahija, dada yangu, yuko Makorora.
Yeye hulipa ankara ya maji kila mwezi,
na kila mwezi hulalamika kana kwamba mimi ndiye ninayemwuzia.
Nikamwambia tumeandikwa.
"Hongereni," akasema. "Lakini leo bomba linatoa maji ya rangi ya chai."
Nikahesabu siku kwa vidole,
kalvati, korona, kivuko, machungwa, jiwe.
Nikamwambia: hiyo ni mvua ya Jumanne, kwa Mntambo, bati la nyuma.
Iweke ndooni. Itatulia.